Chale kwenye Majani ya Mibuni

Jani halikufa lote. Hilo ndilo lililomsumbua Sajini Kunigunda Nchimbi tangu Jumatano, na hilo ndilo lililomteremsha kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay siku ya Jumamosi, kona baada ya kona, sanduku la vielelezo amelipakata kama mtu aliyebeba mayai.

Alilitoa na kuliweka juu ya meza ya Eunice Mbele, mtaalamu wa magonjwa ya mimea. Lilikuwa jani la mche wa kahawa. Katikati lilikuwa na chale mbili fupi, zimelala sambamba, zimekatwa kwa wembe. Kuzunguka chale hizo jani lilikuwa limekauka na kuwa la kahawia, mduara mdogo kama sarafu. Nje ya mduara lilikuwa la kijani, linang'aa kana kwamba hakuna lililotokea.

"Yako mangapi namna hii?" Eunice aliuliza.

"Miche arobaini. Kila mche jani moja, kila jani chale mbili."

"Kitalu cha Ukata? Cha Nathanieli?"

"Hicho hicho."

Eunice alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa amefanya kazi na Nathanieli Haule miaka minne katika kituo hiki cha utafiti cha ziwani, kabla bwana shamba huyo hajahamia milimani Ukata kuanzisha kitalu. Jumanne jioni Nathanieli alianguka mlangoni mwa ghala lake, akitoka povu, mboni za macho zimesinyaa kama tundu la sindano. Daktari aliyempokea alisema ni dawa ya kuulia wadudu. Nathanieli hakuiona Jumatano.

Aliyekamatwa ni mtunza kitalu, Kiliani Ndunguru, mwanamume wa miaka arobaini na moja. Alipoulizwa alitoa maneno mawili tu, "Ni mimi," kisha akafunga kinywa kama aliyeshonwa. Nyumbani kwake ilikutwa chupa ndogo yenye maji meupe. Kwa Inspekta Antoni Kapinga, mkuu wa upelelezi wa wilaya, kazi ilikuwa imekwisha: Kiliani alijaribu sumu kwenye majani, alipoona inaua, akaitia kwenye togwa ambayo bosi wake aliinywa nyumbani kwa Kiliani Jumanne hiyo. Jumatatu saa mbili asubuhi angepelekwa Songea kusomewa shitaka la mauaji. Shitaka hilo halina dhamana, na sampuli zilizokwenda kwa mkemia Dar es Salaam hurudi baada ya miezi. Mtu huweza kuota mvi rumande akisubiri karatasi.

"Sumu ingeishia hapa?" Kunigunda aliuliza, kidole kwenye ukingo wa mduara.

"Wewe unaonaje?"

"Mimi nimeona mahindi yaliyomwagiwa dawa iliyozidi. Yanaungua ovyo. Hapa ni kama mtu amechora mpaka."

"Amechora kweli," Eunice alisema. "Jani lenyewe limechora."

Kunigunda alifungua daftari. "Niambie kama unavyomwambia askari. Nitaulizwa."

"Kwenu moto wa porini ukija, mnafanya nini?"

"Tunachoma ukanda mbele yake. Ukifika unakuta hakuna cha kula."

"Basi. Bakteria akitaka kuingia kwenye mmea, ana protini zake, vitu anavyotembea navyo. Mmea unazitambua. Ukishazitambua unaua chembe zake wenyewe, zile za pale pale mlangoni, ili adui akose pa kushika. Hapo umeona maiti, lakini hukuona sumu. Jani limejichoma ukanda."

"Na bakteria yuko wapi?"

"Si lazima awepo. Ukimpa mmea ile protini peke yake, bila mdudu, unadhani amekuja. Unajiandaa mwili mzima. Ndiyo kazi tuliyokuwa tunafanya na Nathanieli. Tulipata unga wa protini hiyo kutoka nje, unatokana na bakteria anayeua miti ya matofaa huko Ulaya. Unachanganya na maji, unapulizia, mmea unakaa macho."

"Ukipuliza, unapata miduara hii?"

Eunice aliutazama tena mduara. "Hapana. Ukipuliza huoni kitu. Miduara inatokea protini ikiingizwa ndani ya nyama ya jani, tena nyingi."

Kunigunda aliandika neno *ndani* na kulipigia mstari mara mbili.

"Chupa ya Kiliani," alisema, akiiweka mezani pamoja na kitabu cha vielelezo ili Eunice atie sahihi. "Nataka kujua ina nini kabla ya Jumatatu. Na hii ni dawa ya wadudu iliyokuwa kwenye rafu ya ghala. Na hii hapa..." Alitoa pakiti ya karatasi ya kijani. "Zilikuwa tatu kwenye mtoto wa meza ya marehemu. Inspekta alisema ni vitu vya kazi, tusihangaike navyo."

Juu ya pakiti palichapwa: CHANJO YA MIMEA. Chini yake jina la duka la Steven Turuka, Mbinga mjini. Zamani pembejeo zilitoka mlango mmoja, wa chama cha ushirika, na kila mkulima aliujua. Tangu biashara ilipofunguliwa, mwenye kaunta na kufuli naye alikuwa mtaalamu.

Eunice aliigeuza pakiti, uso umemkaza. "Huyu amepata wapi unga? Sisi tuna kopo moja tu nchi nzima, na kidogo nilichomgawia Nathanieli."

"Weka na hiyo kwenye majaribio."

Nyuma ya kituo kulikuwa na tumbaku kwenye ndoo, majani mapana kama masikio ya tembo. Eunice alichukua bomba la sindano lisilo na sindano, akaligandamiza chini ya jani, akasukuma taratibu mpaka doa la maji likaenea ndani. Alichora duara kwa kalamu, akaandika namba. Moja, maji matupu. Mbili, chupa ya Kiliani. Tatu, chupa hiyo hiyo iliyochemshwa.

"Kwa nini unachemsha?"

"Kukiwa na bakteria hai, atakufa. Protini hii ni ngumu, haijali moto."

Kisha alitoka na kisu, akachanja papai bichi lililokuwa uani, akakinga utomvu.

"Hiyo sasa ni supu," Kunigunda alisema.

"Wewe ukipika nyama ya ng'ombe mzee unafanyaje?"

"Napaka utomvu wa papai. Inalainika."

"Kwa sababu utomvu unaikatakata protini. Kama kinachoua jani ni protini, nikichanganya na utomvu kitakuwa hakina meno. Kama ni dawa ya wadudu, utomvu hauiwezi, itaunguza tu." Alisukuma nne, chupa ya Kiliani na utomvu. Tano, dawa ya wadudu na utomvu. Sita, utomvu peke yake. Saba, pakiti ya Steven.

"Kesho asubuhi," alisema.

Kunigunda hakuondoka. Aliutazama mlango, kisha kopo la unga lililokuwa kabatini. "Na mtu akiinywa?"

Eunice alilifungua kopo, akakoroga unga kwenye glasi, nzito kuliko ile ya kunyunyizia. Kunigunda aliinuka kumzuia, lakini Eunice alikuwa ameshachota kijiko cha chai na kukimeza.

"Dada! Nani atanisomea majani hayo kesho?"

"Mimi mwenyewe. Protini, Sajini. Kama yai. Kama maharage uliyokula jana." Alifuta mdomo. "Nathanieli aliivuta puani miaka minne na hakupata hata kuhara."

Kunigunda alilala katika nyumba ya wageni, akaamka kabla ya kengele ya Misa ya kwanza. Alipofika kituoni Eunice alikuwa wima, mzima, mikono kiunoni mbele ya ndoo.

Moja, kijani. Mbili, jani limekauka, mduara umekatwa kama kwa bikari. Tatu, vivyo hivyo. Nne, kijani. Tano, limeungua na kunywea, maji yanachuruzika pembeni. Sita, kijani.

Saba, pakiti ya Steven, kijani kabisa.

"Chupa ya Kiliani ni unga wetu," Eunice alisema. "Nathanieli alimpa. Haina dawa ya wadudu. Ingekuwa nayo, namba nne ingeungua kama namba tano."

"Na pakiti?"

Eunice alimimina unga wa pakiti kwenye kisahani na kudondosha matone mawili ya iodini. Ulibadilika kuwa bluu iliyokolea, karibu nyeusi.

"Unga wa muhogo. Anawauzia watu unga wa muhogo na kuwaambia wamekingwa."

"Nathanieli alilijua hili?"

"Alikuwa na tumbaku Ukata, ndoo mbili. Na bomba kama langu. Angejua kwa siku moja."

Kunigunda alikunja vipande vya jani kwenye karatasi, kila kimoja na namba yake. Alikuwa amefika mlangoni aliposimama. Alisoma tena maandishi ya pakiti.

"Hili jina, chanjo. Steven kalitoa wapi?"

"Kwangu," Eunice alisema. "Kwenye semina ya wakulima mwaka jana, pale Mbinga. Nilitafuta neno litakaloeleweka upesi. Kwani kuna ubaya?"

"Wewe ukisema chanjo unaona nini?"

"Kliniki. Nesi. Sindano."

Kunigunda alivuta kola ya shati chini kidogo. Kwenye mfupa wa kifua palikuwa na alama mbili kuukuu, fupi, sambamba. "Bibi yangu alinichanja nikiwa na miaka mitatu, kwa ugonjwa wa kifua. Alikata kwa wembe akasugua dawa ndani. Sisi ukituambia tuchanje, hatutafuti nesi."

Eunice aliyatazama majani ya kahawa mezani, akakaa chini polepole.

Saa nane mchana Kunigunda alikuwa Ukata. Nyumba ya Kiliani ilikaa ukingoni mwa mteremko wa ngolo, yale mashimo ya kilimo yaliyopangwa kama sega la nyuki mpaka chini bondeni. Mama yake Kiliani, Hildegardi, alikuwa kibarazani bado na kitenge cha kanisani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeniletea mtu au umeniletea habari?"

"Nimeleta maswali."

"Hayo hayapikiki. Kaa."

Kunigunda alikaa kwenye gogo. "Mama, hapa mtoto akibanwa kifua, nani anamchanja?"

"Mimi. Nimechanja hata padri, na wewe usimwambie mtu."

"Unachanja chale ngapi?"

"Mbilimbili. Ya kwanza ugonjwa utoke, ya pili dawa iingie. Ukikata moja, vinagongana mlangoni."

"Na mbuni?"

Mkono wa Hildegardi uliokuwa ukifukuza kuku ulibaki hewani. Aliushusha.

"Kwani mibuni imekufa?"

"Haijafa. Nani aliichanja?"

"Nani mwingine? Bwana shamba alimpa Kiliani dawa ya chanjo, akamwambia apulizie. Nikamuuliza mwanangu, dawa ya kumwagia juu inaingia wapi? Mvua ikinyesha si inakwenda Ruvuma? Wanachanja kwa kupuliza kama wanapoza uji! Jumatatu yeye alikwenda sokoni, mimi nikashika wembe. Miche arobaini, mgongo ukaniuma mpaka usiku. Nilitaka wamsifu kazini."

"Kiliani aliona lini?"

"Jumanne asubuhi. Majani yamekauka kwenye chale. Alishika kichwa. Akaniambia, mama, hii imekuwa sumu. Nikamwambia dawa kali ndivyo ilivyo, kidonda kwanza kinachacha."

Kunigunda aliacha kuandika. "Jumanne hiyo hiyo marehemu alikunywa togwa kwako."

"Aliiomba mwenyewe. Alikuja na kikohozi chake, anatema tema, anasema mdomo mbaya. Nikampa kikombe." Alikunja pindo la kitenge. "Nikamtilia na kijiko cha ile chanjo. Si inatia nguvu? Mtu alikuwa anakohoa tangu Pasaka."

"Kiliani alikuwa wapi?"

"Mlangoni. Aliona. Kikombe kilikuwa kimeshafika mdomoni."

Kuku walirudi. Hakuna aliyewafukuza.

"Mama, askari walipokuja, Kiliani alisema ni yeye. Ulimsikia?"

"Kwa masikio haya." Sauti ya Hildegardi ilishuka. "Amemuua mtu aliyekuwa anakula kwangu. Kwa nini, sijui, hakuniambia. Leo nimetoa nia ya Misa kwa ajili ya Nathanieli. Katekista akaniuliza, na ya Kiliani, mama? Nikakosa la kumwombea."

"Neno hilo liache kwanza, mama."

"Niliache wapi? Amelisema yeye."

Kunigunda aliinuka. Hakuwa na ruhusa ya kumwambia shahidi zaidi ya hapo, na jua lilikuwa likimkimbia.

Inspekta Antoni alikuwa ofisini kwake Mbinga, jina la Kiliani likiwa la kwanza kwenye orodha ya gari la kesho. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, jambo ambalo halikuwa dalili njema.

"Jani si tumbo, Sajini."

"Ni kweli, afande."

"Nikisimama mbele ya hakimu niseme mtuhumiwa aachiwe kwa ushahidi wa tumbaku na papai?"

"Ona namba tano." Alipanga vipande mezani. "Dawa ya wadudu, imechanganywa na utomvu, imeunguza. Namba nne, chupa ya Kiliani na utomvu, kijani. Kungekuwa na dawa ya wadudu humo ya kuua mtu kwa kijiko kimoja, hapa pangeungua. Hapakuungua. Na hicho kijiko mtaalamu amekinywa mbele yangu, cha unga uleule."

Antoni alikiinua kipande namba nne mbele ya dirisha, akakigeuza.

"Basi togwa haikuwa na sumu. Mtu kafa kwa sumu. Iliingilia wapi?"

"Marehemu aliomba togwa kwa sababu mdomo ulikuwa mbaya. Kuna kilichotangulia. Aliyekuwa naye siku nzima ni Kiliani, na Kiliani hasemi kwa sababu anaamini kitu ambacho si kweli."

"Mlete."

Kiliani aliletwa bila mkanda, bila viatu. Macho yake yalikwenda kwenye vipande vya majani na kubaki hapo.

"Ni mimi," alisema kabla hajakaa.

"Sijakuuliza nani," Kunigunda alisema. "Nimetoka kwa mama yako. Amenieleza wembe. Amenieleza na kijiko."

Kiliani alishika ukingo wa meza. "Ni mzee. Hajui alichofanya. Afande, niandikeni mimi, nimeshasema, kwani mnataka wangapi?"

"Sikiliza. Ile dawa si sumu. Jani halikuuawa, limejiua pale penye chale ili lililobaki lipone. Nimeona kwa macho yangu mtu akiinywa, na asubuhi alikuwa mzima. Mama yako hakumuua Nathanieli."

Kiliani alimtazama Kunigunda, kisha Antoni, kama mtu anayetafuta mtego uko wapi.

"Hakumuua?"

"Hakumuua. Sasa nirudishe Jumanne. Kabla ya togwa. Alikula nini, alikunywa nini?"

Kiliani alifumba macho. Yalipofunguka, yalikuwa ya mtu mwingine.

"Soda," alisema. "Steven alikuja na pikipiki, saa tisa. Alileta soda mbili, zimeshafunguliwa. Moja akaishika yeye. Walikuwa wanabishana. Bwana shamba akamwambia, nimezijaribu pakiti zako, Steven, ni unga wa muhogo, nakupa mpaka Ijumaa uzirudishe kwa watu wote uliowauzia, la sivyo napeleka majani wilayani. Steven akacheka. Akasema, kunywa basi, kaka, tusigombane na kiu. Alipoondoka bwana shamba akasema soda imechacha. Akatema. Akamwaga iliyobaki, akaomba togwa."

"Chupa iko wapi?"

"Nyuma ya ghala. Aliitupa kwenye shimo la ngolo. Itakuwa bado ipo, nani wa kuiokota?"

Antoni alikuwa ameshasimama mlangoni, akiita askari wawili: mmoja Ukata kuilinda hiyo chupa bila kuigusa, mwingine kwa Steven Turuka, nyumbani na dukani, sasa hivi. Alirudi, akachukua kalamu, akafuta mstari wa kwanza wa orodha ya kesho. Kalamu ilitoboa karatasi.

"Siku tano," alimwambia Kiliani. "Siku tano umenikalia kimya na muuaji anauza dukani."

"Nilidhani ni mama."

"Mpe viatu vyake," Antoni alisema, akatoka.

Kunigunda alisogeza karatasi mpya ya maelezo, akaandika tarehe. Kiliani hakuigusa kalamu. Alikuwa ameinama, vidole vinasuguana.

"Afande. Nilipokuwa nasema ni mimi, pale nyumbani, mama alikuwepo."

"Alikuwepo."

"Yeye aliijua dawa yake ni njema. Hakuwa na wasiwasi nayo." Aliyapanga maneno kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Kwa hiyo siku zote hizi aliamini nimeua?"

Kunigunda angeweza kuangalia dirishani. Hakuangalia.

"Aliamini."

"Hakukataa hata kidogo? Hata kusema, Kiliani wangu hawezi?"

"Ulisema mwenyewe mbele yake," Kunigunda alimjibu. "Na hajawahi kukusikia ukisema uongo."